Hasi Moja ya Nane

Mwalimu Lupakisyo aliogopa maswali kuliko alivyoogopa tembo wa Mikumi. Simdhihaki. Nimewahi kumwona akiwapisha tembo barabarani, pikipiki kaizima, ametulia tuli. Lakini mwanafunzi akinyoosha mkono darasani, shati la Mwalimu lililowa jasho mgongoni.

Aliletwa shuleni kwetu Kilosa kufundisha kemia. Mwalimu wa hesabu alipohamishwa, mkuu wa shule akamkabidhi hesabu za kidato cha tano na sita, akamwambia ajikaze. Akajikaza. Mimi nafundisha Kiswahili na meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo nilimwona kila asubuhi akikariri somo, midomo ikimtetemeka. Na mtu mwenye hofu ya namna ile huwa mkali. Darasani kwake hata nzi aliomba ruhusa.

Kilichomtesa ni integresheni, hesabu ya kutafuta eneo, kwa njia ya kubadilisha herufi. Swali limejaa x, halishikiki. Unachukua kipande chake kigumu, unakiita u, swali linakuwa jepesi. Hapo alikuwa hodari. Ila x ikishageuka u, ile mipaka ya swali, yaani unapoanzia na unapoishia, nayo lazima igeuzwe. Yeye aliiacha kama ilivyo. Siku moja Devota, binti wa mkulima wa mpunga wa Tindiga, akasimama kuuliza mbona jibu la kitabu halifanani na la ubaoni.

"Kitabu kimekosewa uchapaji," Mwalimu akafoka. "Kaa chini!"

Ukafika mtihani wa taifa. Siku ya somo lake mwalimu haruhusiwi kusogelea chumba cha mtihani, na askari mwenye bunduki alikuwa mlangoni. Lupakisyo akabaki nami ofisini. Ili kutuliza moyo, akajipa swali la kutafuta eneo chini ya mstari uliopinda, kutoka sifuri hadi moja. Safari hii akachora na mchoro wake. Mstari wote ulikuwa juu ya sifuri. Akakokotoa kwa njia yake, ikaja hasi moja ya nane. Akarudia, ikaja hasi tena.

"Dada," akaniita, "umewahi kuona jaruba la mpunga lenye eneo chini ya sifuri?"

"Jaruba gani tena hilo, Mwalimu?"

Akageuza mipaka: kwa kuwa u yake ilikuwa moja kutoa x, penye sifuri akaweka moja, penye moja akaweka sifuri. Hasi ikafutika. Kalamu ikamdondoka, akainuka kuelekea mlangoni. Nikamshika shati.

"Unakwenda wapi? Wakikukuta pale, watoto wote watafutiwa matokeo!"

"Wanaandika kosa langu, dada. Sasa hivi tunavyoongea, wanaliandika."

Nikaogopa na mimi, tena sana, maana nilikuwa nawajua watoto wale mmoja mmoja. Akarudi kukaa. Kila kiti kilipoburuzwa kule chumbani alishtuka, akaniuliza kama wameanza kutoka. Alinywa maji mpaka jagi likaisha.

Kengele ilipolia na karatasi zikakusanywa, alitoka mbio. Devota alikuwa wa kwanza kutufikia.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, madamu."

"Marahaba," nikaitikia peke yangu.

"Swali la mipaka limetoka?" Lupakisyo akauliza.

"Limetoka, mwalimu. La alama nyingi."

"Mipaka uliigeuza?"

Binti akatazama viatu vyake. "Niliigeuza. Nilijua tangu kidato cha tano."

Nikamwona Mwalimu anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Kisha akawatazama wale wengine waliokuwa wanakuja wakicheka, wanapeana mikono.

"Na wenzako?"

"Niliwaambia. Wakaogopa kwenda kinyume na wewe. Wameandika ulivyotufundisha."

"Sasa mwanangu, kwa nini hukuniambia mimi?"

Devota aliinua uso, na naapa hakukuwa na ufidhuli hata chembe katika sauti yake.

"Nilikuuliza, mwalimu. Ukaniambia nikae chini. Nikakaa."