Vidonge Ndani ya Kibuyu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, muuguzi wa wodi yetu hapa Bomet alipita kitanda kwa kitanda akiuliza nani angependa kuombewa kabla ya kupasuliwa. Mzee wa kitanda cha pili, mfugaji kutoka Chebunyo, alimjibu haraka: "Sista, niombee, lakini macho usifunge. Angalia hiyo dripu." Wodi nzima ikacheka. Mimi nilikubali maombi, kisha nikaomba dawa zangu ziwekwe mahali ninapoziona. Hofu hiyo ni ya zamani, rafiki yangu. Niliipata Roret, nikiwa darasa la tatu.

Niliishi na nyanya, kwetu tunamwita kogo. Alikuwa na kifua kikuu, na zahanati ilimpa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi sita. Asubuhi tulichuma chai, kila mmoja na mstari wake, umande ukitulowesha hadi kiunoni. Ukungu ulipomficha, nilijua aliko kwa kikohozi chake. Kikinyamaza, mikono yangu ilisimama.

Kila Alhamisi tulienda maombi kwa jirani. Huko mgonjwa alionyesha imani kwa kuleta dawa zake mbele, zikamwagwa chooni watu wakiimba. Nyanya aliimba kuliko wote, ila dawa hakuleta. "Mungu namwambia kila kitu," aliniambia. "Jirani simwambii." Vidonge alivificha nyuma ya mlango, ndani ya kibuyu cha maziwa kilichopasuka. Vilitoka na vumbi jeusi la mkaa wa kusafishia kibuyu, naye akavimeza hivyo hivyo kwa uji, mimi nikimshikia kikombe.

Siku moja jirani aliniita mbele. "Wewe mtoto, kogo yako bado anameza dawa?"

Tulikuwa tumefundishwa kwamba anayedanganya katika maombi huleta kifo nyumbani kwao. Nilimtazama nyanya. Yeye alitazama sakafu. Nikasema dawa ziko wapi.

Wimbo ukaanza, na kabla haujaisha kibuyu kililetwa, vidonge vikamwagwa chooni.

Baada ya wiki mbili nyanya alikohoa damu juu ya majani aliyokuwa ameshika. Aliyatupa, akayafunika kwa udongo kwa mguu, akaendelea kuchuma. Nilijua nimemuua, na nimemuua kwa kusema ukweli.

Kesho yake alivaa viatu vya kanisa, tukaenda zahanati. "Zilipotea," alimwambia daktari. Hakunitaja. Alikaripiwa kama mtoto, kisha akaanzishiwa dawa upya.

Alipona. Siku hizi chai yetu inakatwa kwa mashine, ile nyumba haipo, na ni miaka mingi sijasikia harufu ya kibuyu kikisafishwa kwa mkaa. Hayo nimeyazoea. Nisilolizoea ni hili: tuliendelea kuomba pamoja kila jioni, mkono wake kichwani mwangu, naye akiniambia nimwombee kifua. Lakini wakati wa vidonge ulipofika, alichukua kikombe mwenyewe na kunipa mgongo.