Nilivyoimba Bila Kusoma

Naikumbuka Jumapili moja ya baridi kali pale Njombe, mwanangu, nikiwa darasa la nne. Nilisimama kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi, nikaimba beti zote bila kukosea. Baba akanitazama kwa hasira. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba sijui kusoma hata sentensi moja, tena kitini situlii. Basi baba akaamua mwenyewe: huyu kusoma anajua, ila ni mkaidi. Tulipofika nyumbani akatangaza kwamba shule basi, kesho naenda kuvuna viazi.

Nililia sana. Nyimbo zile nilizijua kwa kichwa tu, kama watoto wote wa kwetu. Kwenye kitabu, neno nililolihangaikia mstari wa juu, nikilikuta tena chini, ni kama sijawahi kuliona. Nilidhani kweli nina kichwa kibovu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwepo. Akafungua wimbo nisioujua.

"Haya, soma."

Nikakwama neno la kwanza. Akafungua ninaoujua, nikautiririsha wote. Akamgeukia baba.

"Mdogo wangu, huyu hasomi, anakumbuka. Ukaidi uko wapi hapo? Mwache aende shule, jioni mlete kwangu."

Baba akasema, "Haya, dada." Mwanangu, nilishusha pumzi! Hatimaye mtu alikuwa amenielewa.

Jioni Shangazi alifunika ukurasa kwa kitambaa, akaacha mstari mmoja tu. Tuliimba taratibu, kidole changu kikifuata kila neno. Sauti hakuwa nayo, Mungu amrehemu, lakini subira alikuwa nayo. Nikianza kuhangaika ananituma kuni, nikirudi tunaendelea. Nilichelewa kuliko wenzangu wote, lakini nilisoma. Hata leo nasoma polepole, wala sioni haya.

Sasa umekuja kutoka Makambako unalia, eti mwalimu amesema mwanao Tumaini hasomi na hatulii. Futa machozi. Usimchape, wala usimlinganishe na dada yake. Mpeleke kwa wataalamu, siku hizi wapo. Nyumbani msomee kwa sauti, naye afuate kwa kidole. Kidogo tu, mpumzike, mrudie. Na mwambie unajua kwamba anajitahidi. Mtoto akiaminiwa hivyo, mzigo mkubwa unamtoka.

Mungu akujalie subira, mwanangu, akuweke hadi siku Tumaini atakapokaa karibu yako akusomee yeye.