Mwenye Dhahabu Hajaulizwa

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la fotokopi pale Kahama. Umeme ulikuwa umekatika na kila mtu alikuwa anatazama saa. Mbele yangu alisimama mhadhiri mwanamke aliyekuja kutoa nakala za utafiti wake kuhusu imani za wanawake na miungu ya kike katika hadithi za kale. Mchimbaji mmoja akaisoma karatasi ya juu, akatikisa kichwa.

"Mayu, kwenye duara letu, shimo la kuchimba dhahabu, mwanamke hashuki. Dhahabu ina mwenyewe kule chini, naye ni mama. Hapendi kuona mwanamke mwenzake."

"Aliwaambia mwenyewe?" mhadhiri aliuliza.

"Alituambia mganga."

"Mganga ni mama?"

"Ni mzee wa kiume," alisema, akijikuna shingo.

Mhadhiri akaandika. Nyuma yetu mama mmoja mponda mawe, vumbi mpaka kwenye kope, akahamisha mfuko wake mkono wa pili. "Kumbe hata yeye huko chini," alisema taratibu, "ana mwanaume wa kumsemea."

Mimi, mwanaume, nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze mhadhiri kile ambacho yule mama alimaanisha. Bahati nzuri umeme ukarudi, mashine zikanizidi sauti.