Wifi Yangu Mtu wa Brazili

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Nauza samaki pale soko la Kilwa Masoko, na biashara yangu ndiyo iliyonifunza. Mtu anakuapia kwa jina la mama yake kwamba changu huyu ametoka majini asubuhi hii hii; wewe unafunua matamvua ukaone mwenyewe. Hata nyumbani niko hivyo, na anayeona vibaya ana lake.

Kwa hiyo mdogo wangu Shaaban alipomwoa Zuhura, binti wa Pande aliyesomea kompyuta chuoni Mtwara, nilimpokea kwa mikono miwili na macho manne. Shaaban ni dereva wa malori ya ufuta. Siku nyingi yuko barabarani, na akiwa barabarani mwangalizi wa nyumba ni mimi. Hakunituma. Lakini mimi ndiye dada mkubwa, na nyumba zetu zinatazamana.

Zuhura ana steshenari karibu na stendi. Anatoa kopi, anachapa barua, anatengeneza kadi za harusi. Hiyo naielewa. Iliyonikaa kooni ni kazi yake ya pili, anayoifanya kabla ya kufungua duka na baada ya kulifunga, macho yamemganda kwenye kompyuta na vidole vinakwenda mbio. Haina mshahara, haina bosi. Nilimuuliza mwaka ule ule wa kwanza:

"Wifi, unamfanyia nani kazi hiyo?"

"Simfanyii mtu, wifi. Ni ya wote."

Ya wote! Hapo ndipo nilipoanza kumshuku rasmi.

Nitaeleza kama nilivyokuja kuelewa, na nilichukua muda. Kompyuta ina lugha za kuiamrisha, na lugha hizo zimetungwa na watu. Moja inaitwa Lumo. Lumo ni huria, maana yake haiuzwi. Yeyote anayejua anaweza kuifungua ndani, akaisoma, akapendekeza marekebisho. Wanaoitunza wametapakaa dunia nzima na wanajitolea. Ikiwa na kasoro, wao huiita bagi, neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu. Mtu anaandika lalamiko mahali pa wazi, na wenzake wanamsaka huyo mdudu mpaka wajue amejificha mstari gani. Usakaji huo ndiyo kazi ya Zuhura.

Aliingia humo kwa sababu ya kadi za harusi. Alikuwa ametunga programu kwa Lumo ya kuyapanga majina ya waalikwa na kuyaanza kwa herufi kubwa. Ikaja familia moja kutoka Rondo, ukoo wao Nang'oma. Kadi zikatoka zote zimeandikwa Nang'Oma, ile O imechomoza katikati kama jino la pembe. Baba wa bwana harusi, mzee Jerome, alizirudisha akizitupa kaunta.

"Jina la babu yangu mmelikata vipande viwili," akasema. "Mkatwe nyie kwanza!"

Zuhura akachambua programu yake, hakuona kosa. Ndipo akaifungua Lumo yenyewe, akakuta kwamba ikiona ile alama ya juu kwenye ng' inadhani neno limekwisha na jingine limeanza. Akawaandikia wenyewe. Mmoja akamjibu kwa upole kwamba dawa ni kuiondoa hiyo alama kwenye jina. Zuhura hakumtukana, ingawa mimi ningemtukana. Aliitengeneza mwenyewe akawapelekea, na wakaikubali. Tangu siku hiyo akawa mtu wao.

Mjini habari ikatembea kwa miguu yake: Zuhura wa Shaaban anaua wadudu. Bi Kijakazi akaja kutoka Kikole na tawi la mkorosho ndani ya mfuko, limenyauka kwa mbu wa mikorosho, akitaka dawa. Zuhura alimweleza mpaka sauti ikamkauka. Bi Kijakazi aliondoka anaamini kabisa kwamba dawa anayo, anawabania tu. Kusema kweli, sikumlaumu.

Maana hata mimi nilikuwa na yangu. Zuhura akiingia kuoga, naichukua simu yake. Akiwa kwenye sala, naichukua. Namba ya siri niliiona mara moja tu ikanitosha. Kiingereza changu cha kuombea maji, kwa hiyo nilikuwa nikizipiga picha zile meseji, nampelekea jirani yetu Fauzia, mwalimu wa shule ya msingi, anisomee.

"Huyu anasema, 'Nimejaribu, kwangu haitokei,'" Fauzia anasoma.

"Haitokei nini?"

"Hasemi. Huyu mwingine anamwambia, 'Asante kwa uvumilivu wako.'"

"Uvumilivu wa nini? Anamvumilia kwa lipi?"

"Bi Maftaha, mimi nasoma tu."

Tulisoma sana. Nilimfuata hadi stendi, nikakaa kwa muuza juisi nimejitanda ushungi mpaka puani, nikiangalia nani anaingia dukani kwake na anatoka na nini. Walitoka na kopi. Miaka ikaenda hivyo, na mimi sikuchoka.

Halafu mwaka huu, baada ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, nikamwona amebadilika. Chai inapoa mbele yake. Anaamka anakwenda kwenye kompyuta, anasoma, anarudi ameshika kiuno. Nikasema moyoni, haya, leo mdudu mwenyewe kajitokeza. Nikangoja. Asubuhi moja akavuka njia, akaja kukaa kwenye mkeka wangu, kitu ambacho hakuwa akifanya bila kuitwa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nina shida, na hapa mtu wa kunisaidia ni wewe peke yako."

Nikashuku palepale. Mji mzima huu, achaguliwe Maftaha? Lakini nilimwacha aseme.

Kumbe wale wenzake wa Lumo walikuwa wanataka kumpa funguo, yaani ruhusa ya kuingiza marekebisho ndani ya lugha bila kungoja mtu wa kumkubalia. Funguo hizo wanazo wachache. Na kwenye mradi mwingine wa namna hiyo mtu aliwahi kujipendekeza miaka mingi, mpole, mchapakazi, na alipopewa funguo akapenyeza uovu humo ndani. Tangu hapo wote wamekuwa waoga. Basi akatokea Mnorwei mmoja, mzee wa mradi, akasema huyu Zuhura mnamjua? Nani amewahi kumwona? Akakaa akasoma kila alichoandika Zuhura tangu siku ya kwanza, akaja na ushahidi.

"Anasema siko Tanzania," Zuhura akasema. "Anasema mimi niko Brazili."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Brazili ya wapi?"

"Anasema nikiandika nitatuma kazi saa fulani asubuhi, kazi inafika saa nyingine. Si mara moja, mara nyingi, na tofauti ni ile ile, saa sita kamili. Amehesabu. Anasema saa ya ukutani kwangu iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na kwenye ramani huko ni Brazili. Wanakutana kesho kwa video. Wanataka mtu wa hapa anayenijua azungumze nao. Wakinikataa, wanaifuta kazi yangu yote, na jina langu wanalitangaza la tapeli."

"Wifi, kazi yenyewe hawakulipi. Waachie Brazili yao."

Akainamisha kichwa. Nilidhani ananitafutia uongo. Aliponiangalia macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya ambayo hakuna aliyeniuliza mimi ni mke wa nani," akasema.

Nikakubali. Nisijitie wema: nilikubali kwa sababu hatimaye ningeziona sura za hao wanaume.

Kesho yake nikavaa baibui la sikukuu, nikaketi mbele ya kompyuta kule dukani, mlango umefungwa. Zikatokea sura kwenye vidirisha. Wanawake wawili walikuwemo, jambo ambalo Fauzia hakuwahi kuniambia. Mnorwei alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na uso usiocheka. Zuhura hakuruhusiwa kunitafsiria, na hilo nililiona la haki. Mimi pia nisingemruhusu. Walimleta Optatus, Mmakonde wa Newala, mwenzao anayeishi Kanada tangu ujana wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Mama, wanataka kujua, hapo ulipo ni wapi?"

"Kilwa Masoko. Wewe ulidhani wapi?"

"Na sasa hivi hapo ni saa ngapi?"

Nikamtazama. Mtu mzima ana kompyuta mbele yake anakuuliza wewe saa! Nikajua ni mtego. Nikageuka nikatazama saa ya ukutani mara mbili, nisije nikateleza.

"Saa nne," nikasema. "Saa nne na dakika tano. Andika hivyo hivyo."

Optatus akafungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Akajipiga kofi la paji la uso.

"Mama yangu! Saa nne!" Akaanza kucheka peke yake. "Zuhura, siku ile uliposema utatuma saa mbili asubuhi, uliandika nini kwa Kiingereza?"

Zuhura akawaza. Nikaona mkono wake unakwenda mdomoni polepole.

"Niliandika mbili," akasema. "Niliandika mbili ya asubuhi. Yarabi!"

Ikabidi wanieleze. Kumbe Wazungu siku yao wanaianza kuihesabu usiku wa manane, watu wamelala, na jua likichomoza wao tayari wamefika sita. Saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane. Zuhura Kiingereza anakijua, na hilo analijua tangu shule, lakini akiwa amezama kumsaka mdudu wake kichwa kilimhesabia kwa kwao. Mbili akaandika mbili, na Mnorwei akaielewa ni ya usiku mkubwa. Sikuwahi kusikia mtu wa Brazili akikosea hivyo. Hilo ni kosa letu sisi.

Optatus akawaeleza wenzake kwa Kiingereza, huku akionyesha jua kwa mikono. Wakacheka wote isipokuwa Mnorwei. Yeye alichukua kalamu, akahesabu upya, akasema maneno marefu.

"Anasema saa ameielewa," Optatus akatafsiri. "Anasema lakini hiyo inathibitisha tu kwamba ni mtu wa Kilwa. Haithibitishi kwamba ni mtu mwema. Anakuuliza wewe, mama, unamwamini?"

Nilimpenda mzee yule hapo hapo. Kumbe ulimwenguni tuko wawili.

Zuhura hakunigeukia. Aliangalia kaunta, vidole vimeshikana, na nilijua anajua jibu langu. Ningeweza kusema ndiyo, yakaisha. Lakini mimi na mzee yule tulikuwa tunaangaliana, na uongo ungenishinda.

"Simwamini," nikasema.

Optatus akauliza, "Nitafsiri hivyo, mama?"

"Tafsiri yote, usikate. Mwambie simwamini tangu alipoolewa kwetu, na mwaka huu ni wa saba. Simu yake nimeipekua akiwa anaoga, nimeipekua akiwa anasali. Meseji zake nimezipiga picha nikasomewa, zenu nyote, hata zako wewe. Nimemfuata njiani. Nimewauliza majirani, nimewauliza wateja. Nimetafuta kosa kwa huyu mtoto kuliko mnavyotafuta ninyi humo ndani ya lugha yenu. Sikupata hata moja. Mwambie hivyo."

Ilipotafsiriwa hakuna aliyecheka. Mnorwei akaniangalia, akakubali kwa kichwa, kama mnunuzi aliyeridhika na samaki. Akasema maneno machache.

"Anasema," Optatus akasema, "hata sisi wenyewe hakuna aliyewahi kukaguliwa hivyo. Apewe funguo."

Wakampongeza, wakaaga, vidirisha vikazimika kimoja kimoja. Nikajinyoosha kwenye kiti nikingoja kushukuriwa. Nilikuwa nimefurahi, nasema ukweli, nilijiona nimemwokoa.

Zuhura akafunika kompyuta.

"Hata nikiwa nasali, wifi?"

"Hata ukiwa unasali." Kukana kungenifaa nini?

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mwanaume."

"Na mwaka wa kwanza ulipomkosa, mbona hukuacha?"

Mimi, ambaye sokoni hakuna anayenishinda kwa mdomo, nilijikuta nayapanga makaratasi ya kopi pale kaunta. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ikanipanda mpaka masikioni.

"Kule kwetu, kwenye Lumo," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo, "mtu akileta lalamiko, likachunguzwa, kisha kisionekane kitu, linafungwa. Lako juu yangu umeliacha wazi miaka saba."

"Basi lifunge, mwanangu. Yaishe."

"Mimi siwezi, wifi. Hulifunga aliyelileta."



"Nimelifunga," nikasema.

Zuhura akanitazama usoni, akanichunguza kwa utaratibu, bila haraka, kama anavyosoma kazi za watu asiowajua. Kisha akachukua simu yake pale kaunta, karibu na mkono wangu, akaifutika kiunoni, akaenda kuwafungulia wateja mlango.