Umepokea kwa Nani?

Dadangu alikuwa ameitwa chuo cha ualimu huko bara, akasomee historia. Baba hakusema ndiyo wala la. Alisema tu, "Niletee kitu kimoja katika hayo unayokwenda kuyasoma, nikisikilize. Nikikiona kina msingi, utakwenda."

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nasi twakaa Kisauni. Mtandao tulikuwa twausikia tu, kama habari za harusi ambayo hukualikwa. Mwalimu wa zamani wa dada alikuwa na ndugu afanyaye kazi ofisini katika hoteli moja Shanzu, na huyo ndiye aliyemtolea kwenye kompyuta makala ya ensaiklopidia kuhusu Renesansi, zile zama Wazungu walipoamka upya kwa elimu, uchoraji na ujenzi. Wino wa mashine ulikuwa ukiisha, kwa hivyo picha ya mwisho, ya mtu aliyesimama, ilitoka kichwa na mabega, chini kweupe.

"Huyu naye miguu kaiacha wapi?" mama akauliza, na dadangu akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mimi masomo yangu yaliishia darasa la nane, nilikuwa nikipiga msasa vitanda kwa fundi seremala. Kiingereza changu kilikuwa cha kusukuma kama mkokoteni. Lakini dadangu aliponiazima zile karatasi nilizisoma kila nilipopumzika, na nikazipenda. Zilieleza jinsi wachoraji walivyojua kuutia ukuta umbali: njia waichora ikisinyaa, ikisinyaa, mpaka iwe nukta. Nikainua macho nikaitazama barabara yetu, na wallahi ilikuwa ikisinyaa vile vile! Miaka yote napita pale sijaona. Nikajiona mchoraji tayari, kilichobaki ni rangi tu.

Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, nusu ya mtaa wamesoma kwake. Ukimletea neno lolote, kwamba shehe fulani kasema hivi, swali lake lilikuwa hilo hilo: "Umepokea kwa nani?" Ukimtaja mtu, atauliza huyo naye kapokea kwa nani, mpaka mlolongo umfikie mwenye neno. Ukikwama ukasema sijui, hana neno nawe. Lakini ukibuni jina, watoka nje, na hurudi ila umeletwa na mzazi wako.

Siku ya makala kusomwa tulikaa mkekani baada ya alasiri. Dadangu alisoma Kiingereza, kisha akafasiri. Baba alifumba macho. Pale pa njia isinyaayo alitabasamu, nami moyo ukanitulia kidogo. Kisha dada akafasiri kwamba vitabu vya Wayunani wa kale, vilivyokuwa vimepotea, vikapatikana tena.

"Ngoja. Vilipatikana kwa nani?"

"Makala haisemi, baba."

"Kitabu hakijihifadhi, mwanangu. Kuna watu walikaa nacho, wakakinakili, wakakifasiri. Ni kina nani hao? Au kilianguka toka mbinguni?" Akafumbua macho. "Na aliyeandika haya ni nani?"

Dada akageuza karatasi ya mwisho. Mimi nilikwisha kuitazama; jina hamna.

"Ni mwalimu mkubwa wa chuo kikuu cha Roma," akasema.

"Kapokea kwa nani?"

"Kwa… kwa mwalimu wake. Wa huko huko Roma."

Mama aliyekuwa akichagua mchele akasita, mkono umo ndani ya ungo. Baba akanigeukia mimi. "Wewe umeisoma. Hayo yamo?"

Dada hakunitazama, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitazama. Nilitaka aende. Nilitaka sana. Lakini mbele ya baba ulimi wangu haukujua njia nyingine.

"Hayamo, baba. Makala ni nzuri kwenye uchoraji. Hapo pa vitabu ina pengo, na mwandishi hakujitaja."

"Ahsante," dada akaniambia polepole. "Ahsante sana, mpiga msasa."

Baba akazikunja karatasi kwa adabu, kama afanyavyo kwa kila kilichoandikwa. "Madrasani ningekufanyaje?"

"Ningetoka, baba."

"Basi toka."

Akatoka. Mwanamke mzima, anayetazamia kuwa mwalimu, akasimama uani juani kama mtoto wa juzuu ya kwanza. Nikaona yamekwisha: bara hendi tena, na neno la mwisho nimelitoa mimi.

Mama akaweka ungo chini. Akajifunga leso sawasawa, akatoka, tukasikia sauti yake mlangoni.

"Hodi, mwalimu. Nimemleta mwanangu."

Kanuni ilikuwa ya baba mwenyewe. "Karibuni," akasema. Walipoketi akauliza tena, kwa sauti ile ile, "Vitabu vile vilipatikana kwa nani?"

"Sijui, baba."

"Hapo sawa. Nenda na swali hilo huko bara. Ukirudi likizo, utanijibu hilo kwanza."

Alikwenda. Asubuhi ya safari alimbusu mama, akambusu baba mkono, akanijia mimi niliyembebea sanduku mpaka kwenye basi. "Haya, mpiga msasa," akasema, akapanda. Nikabaki nimesimama, sijui kama alinitania au bado ana kinyongo nami.