Mchi Chini ya Turubai

Vijana wamesimamisha hema la kukunja uani, na harufu ya turubai lililolowa imenifikia hapa mkekani nilipokaa.

Ni harufu ileile ya siku tulipomzika babu, kule Mpepai. Mvua ilishuka katikati ya sala. Maji yakajikusanya juu ya turubai la bluu mpaka likafanya tumbo, likaning'inia moja kwa moja juu ya jeneza. Nilikuwa mtoto, bado sijaliona ziwa, nikadhani ndilo hilo, limepanda mlimani kuja kwetu, linachezacheza na mwanga ndani yake.

Mama akainuka mkekani. Alichukua mchi wa kutwangia, akaufunga kitenge chake nchani ili usitoboe turubai.

"Kaa chini, dada," jirani alimwambia. "Mfiwa hafanyi kazi."

"Baba hatalowa," mama alijibu.

Akausukuma mchi juu, polepole. Ziwa lote likapanda, likasita, kisha likamwagika ukingoni kwa kishindo na kuchimba udongo mwekundu. Mvua haikukata, naye hakuushusha mchi. Alisimama hivyo, mikono juu, maji yakimtiririka hadi viwikoni, mpaka katekista alipofunga sala. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kubeba maji mengi kiasi kile.

Sasa mvua imeanza tena. Juu ya jeneza la mama, turubai linafanya tumbo. Nimevua kitenge changu begani, nimeinuka.

"Kaa chini, dada," wananiambia.

Nimewaomba mchi.