Mtego Niliouweka Ndani ya Programu ya Nota

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka lazima niweke spana chini kwanza. Ilikuwa Kwaresima, asubuhi, nimekaa kwenye kibanda changu hapa Kiseke, mbele yangu injini ya mtumbwi imefunguliwa, pembeni kompyuta inawaka, na roho yangu imejaa sumu. Nilikuwa nimemaliza kutega mtego, mwanangu, na nilikuwa najisifu nao.

Kwanza umjue anayekusemesha. Mimi niliishia darasa la saba. Sikufeli, usije ukadhani. Nilichaguliwa kwenda sekondari na ng'ombe wa kunisomesha walikuwepo, ila baba mdogo Faustine aliwauza akaoa mke wa pili. Namtaja kwa sababu yuko hai na anajua. Watu husema ya kale hayanuki. Haya yangu bado yananuka, nimezoea tu harufu yake.

Kazi yangu ni injini. Kompyuta ni mapenzi, kama wengine wanavyopenda mpira. Ya kwanza ilikuwa imetupwa na ofisi moja huko mjini, ukiiwasha inaganda kama ugali wa jana. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amepanga chumba jirani ndiye aliyeniletea diski ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Akaniambia, "Kaka, hii ni bure, halafu ukitaka kuifungua ndani uone inavyofanya kazi, ruksa."

Hiyo ruksa ndiyo iliyonipata. Vya bure nimeviona vingi, na vingi vina ndoana. Lakini kitu kinachokwambia fungua, tazama, rekebisha, mimi fundi nitakiachaje? Injini iliyochomelewa kifuniko si injini, ni mzigo wa chuma. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, nikakaa na kamusi, kila kosa lililotokea kwenye kioo nikalisoma neno kwa neno. Nilianza na lugha ya kuandikia programu iitwayo C, ikanipiga mpaka nikashika adabu. Baadaye nikakutana na Python, nayo ni kama mwenyeji anayekukaribisha ndani kabla hajakuuliza unatoka kwa nani. Vijana hugombana lugha ipi bora. Bora ni ile iliyokufanya umalize kazi ya mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka mgongo ukaniuma.

Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya kuchapa nota za kwaya. Kama umewahi kuimba unaijua taabu yenyewe. Zile herufi za do, re, mi zipangwe kwa sauti nne, mapigo yakae chini ya mapigo, maneno chini yake. Ukiongeza herufi moja mstari mzima unahama, na besi anajikuta anaimba silabi ya soprano. Programu yangu ilizipanga yenyewe. Nikaigawa kwa flashi, wazi, maandishi yake ya ndani yasomwe na yeyote, na maelezo yote nimeyaandika kwa Kiswahili. Mstari wa kwanza niliweka jina langu na maneno haya: gawa, badilisha, ila jina la mtunzi usilifute. Kwaya za Ilemela zikaichukua. Ikavuka ziwa na watu wa kivuko cha Kigongo, ikaenda hadi kusikojulikana jina langu la ubatizo.

Ndipo akaja Deusdedit. Huyu alikuwa na stesheneri karibu na stendi, na nilikuwa nakula naye sahani moja. Akaichukua programu, akafuta jina langu, akaweka lake, akaifunga kwa nenosiri, akawa anawauzia kwaya. Kila karatasi iliyotoka chini imeandikwa: kazi ya Deusdedit. Nikiboresha kitu, anamtuma mtu na flashi, anafuta tena. Nilimfuata dukani kwake.

"Kaka, si ulisema ni bure?" akaniambia, hata macho hajainua. "Sasa unalia nini?"

Nikarudi nikatega. Kwenye toleo jipya, nililojua atalichukua tena, niliiagiza programu iangalie mstari wa kwanza. Kama jina langu lipo, iendelee na kazi. Kama halipo, ingoje wiki ya Pasaka, kisha isogeze sauti ya pili nota moja juu, kimya kimya. Siku ya Pasaka kwaya za vigango, yale makanisa madogo ya parokia, huungana, na wageni husoma karatasi walizogawiwa asubuhi ileile. Karatasi ingekuwa nzuri, imenyooka. Makoo ndiyo yangegundua, mbele ya padri na parokia nzima, na jina la Deusdedit liko chini pale.

Asubuhi hiyo ninayokusimulia akaingia Mzee Sospeter kuchukua nota zake. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwa miaka mingi alifunga kamba za kivuko pale Kigongo, kabla ya daraja, akifundisha nyimbo ng'ambo zote mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna na kucheka kwa wakati mmoja? Umeoa?"

Nikamwonyesha mtego wote, mstari kwa mstari, kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Akavuta ndoo ya oili, akaigeuza, akaikalia.

"Hiyo sauti ya pili huimbwa na akina nani?"

"Akina mama."

"Deusdedit naye huimba sauti ya pili?"

"Deusdedit haimbi, mzee. Hata kupiga makofi anakosea."

Alicheka kweli. Halafu akaacha. "Basi umemlenga nani?"

"Dawa ya moto ni moto," nikamjibu.

"Aliyesema hivyo hakuwa na nyumba. Mimi nimeishi kando ya ziwa, dawa ya moto naijua." Akaisogeza ndoo karibu. "Sikiliza, bwana mdogo. Wimbo wangu nao uliwahi kuibwa. Mwalimu mmoja wa ng'ambo, Anatoli, akaandika jina lake juu. Ukaimbwa kila mahali. Mwaka uliofuata wakataka uongezwe ubeti wa nne kwa ajili ya harusi ya binti wa katekista. Wakamwendea Anatoli. Unadhani alishindwa?"

"Alishindwa."

"Hakushindwa. Aliutunga. Ubeti mbovu, bibi harusi akalia. Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana kama wimbo ni wake kweli. Mwizi huiba ndoo ya maji, kisima hawezi kukibeba." Akaninyooshea kidole kwenye kioo. "Toa hicho kitu nikiona. La sivyo nota zangu baki nazo. Siwapi waimbaji wangu karatasi iliyotoka kwenye mikono ya namna hii."

Mwanangu, nilitoa. Sikutoa kwa moyo mweupe, nisikudanganye, nilitoa kwa sababu yule mzee nilimheshimu kuliko hasira yangu. Pasaka ikafika, akina mama wa sauti ya pili wakaimba mpaka mabati yakaitikia, nami nimeshika karatasi yenye jina la Deusdedit chini. Wenzangu wanaimba aleluya, mimi nasoma lile jina.

Baadaye kwaya zikaanza kuimba nyimbo ambazo do hubadilika katikati. Programu haikuweza. Deusdedit akawaambia subirini toleo jipya, maana yake alikuwa ananisubiri mimi. Na mimi nilikwama. Nilizunguka na ile kazi majuma mengi, kila nikigusa hapa pale panaharibika.

Jibu halikutoka kwangu. Lilikuja kwa boti kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ndani ya flashi ya mwalimu wa kwaya aitwaye Leokadia, mtu ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa ameifungua programu yangu, ile iliyo wazi, akaisoma, akaitengeneza. Chini ya jina langu, bila kuligusa, akaandika lake na maneno machache: "Shikamoo kaka. Nimeongeza mahali pa kubadilisha do. Nikiwa nimeharibu, nisamehe na unirekebishe."

Unajua nilifanya nini kwanza? Nilikasirika. Nani kamwambia aguse? Kisha nikakumbuka kwamba aliyemwambia ni mimi. Nikasoma alichofanya. Mahali nilipouzunguka mlima mzima, yeye alipita katikati ya mawe akatokea upande wa pili. Nikacheka peke yangu kibandani, na tangu siku ile njia yake hiyo naitumia mpaka kwenye kazi zangu nyingine.

Kicheko kikakatika. Huyu mama ameisoma programu yote, mstari kwa mstari. Ule mtego, kama nisingeutoa, angeukuta. Angewaona akina mama wenzake nilivyowatega, angefunga faili akawaambia watu wa Ukerewe wote, na asingeandika jina lake chini ya la mtu kama mimi. Deusdedit aliniibia jina. Mimi nilitaka kulichafua mwenyewe, na kulichafua mahali ambapo kila mtu anasoma. Kwenye programu huria, mwanangu, chuki yako nayo inasomeka.

Leo ile kazi iko mtandaoni. Watu wa Bukoba wameongeza vyao, wa Musoma vyao, na juzi juzi kijana nisiyemjua ameifanya ifunguke kwenye simu. Majina yamepangana chini ya langu kama watoto kwenye picha ya familia, na mimi wa darasa la saba ndiye niliyesimama mwanzo. Faustine aliuza ng'ombe, akili hakuiuza. Kuhusu Deusdedit, kompyuta yake ilikufa, na ile programu aliyoifunga ikamfungia na yeye, nenosiri amelisahau. Alikuja kuomba hii iliyo wazi. Nikampa. Programu nimempa, kiti sikumpa. Kusamehe kwangu kumefika hapo, kwingine nitafika Mungu akipenda.

Basi shika haya. Ukijua kitu, kiweke wazi, maana mficha uchi hazai. Andika jina lako juu bila aibu, na la mwenzako usilifute hata kama hakuoni. Ukiibiwa, mtaje mwizi kwa mdomo wako, mchana, kama ninavyowataja mimi, ila usiifanye kazi yako kuwa fimbo, kwa sababu itawapiga waliokuja kuimba. Akija mtu kukusahihisha, msome kwanza ndipo ukasirike, na mara nyingi hutafika kwenye kukasirika. Na mtu asikwambie shule ndiyo kila kitu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, zako zichane.

Mungu akupe mikono isiyochoka na jicho linaloona kosa lako kabla ya la jirani. Akupe mzee wa kukaa juu ya ndoo yako akukatalie. Na utakapokwama, pale ambapo akili yako imefika mwisho, akuletee mtu usiyemjua, kutoka ng'ambo usikowahi kufika, amebeba kipande kilichopungua. Nenda, mwanangu, ukafanye kazi.